Somo: Kupima gesi iliyo kati ya magalaksi ukiwa Dar

Msiniulize darubini ya kununua Kariakoo. Kwa kazi hii laptop na bando vinatosha, na mawingu ya masika hayatusumbui.

Hatua ya 1. Fungua hazina ya wazi ya SDSS, mradi wa kupima anga, upakue spektra (mchoro wa mwanga kwa kila urefu wa wimbi) ya kwasa moja yenye z (kipimo cha jinsi mwanga ulivyonyooshwa njiani) karibu na 3. Kwasa ni kitovu cha galaksi ya mbali kinachong'aa kupita kiasi. Kwetu ni taa tu. Tunachokitafuta ni kilichosimama njiani.

Hatua ya 2. Tafuta kilima kirefu kuliko vyote kwenye mchoro. Huo ni mwanga wa haidrojeni, uliotoka ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 121.6. Ukiukuta kwenye 486.4, gawa kwa 121.6 upate 4, toa 1: z ni 3. SDSS huandika kwa angstromu, na 10 ni nanomita moja. Siku ya kwanza nilisahau hilo nikapata kwasa yenye z ya 39, nikajiona nimevumbua!

Hatua ya 3, penye utamu. Kushoto kwa kilima mstari umeliwaliwa kama kanga iliyoingiliwa na panya. Kila pengo ni gesi iliyomeza mwanga. Pengo la 425.6 linatoa z 2.5. Pima yaliyo kati ya 415 na 480 tu: chini ya 410 alama nyingine za haidrojeni huingilia, na jirani na kilima kwasa yenyewe huvuruga gesi.

Hatua ya 4. Pengo jembamba, gesi haba. Pengo pana lenye sakafu bapa, gesi tele, kwa kawaida ya galaksi au pembeni yake.

MASWALI

Mbagala: Shikamoo mwalimu. Haidrojeni ni moja, iweje iache mapengo mengi hivyo?

Marahaba. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ugongomee ncha moja mezani, uvute nyingine taratibu. Chora chaki mezani, mwenzako atie wino palepale kwenye chaki kila mara. Madoa yatakuwa mengi, la kwanza likiwa limesogea mbali zaidi. Chaki ni 121.6, kila doa ni gesi iliyomeza mwanga njiani. Ukanda ni mwanga, unaovutwa na kutanuka kwa ulimwengu.

Tegeta: Nimejaribu kwasa iitwayo 3C 273, sioni mapengo.

Iko karibu mno. z yake ni 0.158, kwa hiyo kilima kiko kwenye 140.8, urujuanimno ambao angahewa haliupitishi. Ilibidi Hubble, darubini ya angani, ipime ikiwa juu huko. Chagua z inayozidi 2.

Kigamboni: Na vipengo vichache vya kulia kwa kilima?

Kaboni na wenzake. Kaboni hupikwa ndani ya nyota, kwa hiyo gesi hiyo imeshachanganyika na masalia ya nyota. Usivifute, viandike pembeni. Tutavihitaji somo lijalo.