Ziba Mianya Rutuba Inakotorokea

Mvua ikikatika, nenda kaangalie rundo la samadi lililo nje ya zizi. Ukiona maji meusi yanachuruzika chini yake na kufuata mteremko hadi mtaroni, hiyo ni mbolea yako inakwenda zake. Naitrojeni na potasiamu, ambazo huyeyuka upesi majini, zimeshatangulia. Umebaki na makapi yenye rangi ya samadi. Wakulima wengi hulalamika kwamba samadi haina nguvu. Mara nyingi samadi haina kosa. Imefuliwa na mvua kwa miezi kabla ya kufika shambani.

Shambani kuna vitu viwili vinavyosafiri, na haviendi kwa mwendo mmoja. Nishati hupita mara moja tu. Jua huimwaga juu ya majani, nayo mazao hunasa sehemu ndogo sana, mara nyingi asilimia 1 au chini ya hapo. Ng'ombe akila majani hayo, sehemu kubwa ya nishati huishia kwenye kutembea, kupumua na joto la mwili wake. Anayemla ng'ombe naye hupata kidogo zaidi. Joto linalokuchoma ukipenyeza mkono katikati ya mboji changa, ambalo linaweza kufika nyuzi 60, ni nishati ya jua lile lile ikitoka kwa mara ya mwisho. Haitarudi, wala usiisikitikie, maana kesho jua litachomoza tena.

Virutubisho havina jua lake. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na wenzake huzunguka: kutoka udongoni kwenda kwenye jani, kutoka jani kwenda tumboni mwa mnyama, kutoka kwenye kinyesi kwenda kwa bakteria, kuvu na minyoo, kisha kurudi kwenye mzizi. Porini mzunguko huo hukamilika karibu wote mahali pamoja, ndiyo maana msitu husitawi bila mtu kuuwekea mbolea. Shamba ni mzunguko uliotobolewa, na sisi wenyewe ndio tuliolitoboa.

Tobo la kwanza ni halali: mavuno. Tani 1 ya punje za mahindi huondoka na karibu kilo 15 za naitrojeni. Ukivuna tani 3, umetoa kilo 45, yaani naitrojeni ya takribani mifuko 2 ya kilo 50 ya yurea, mbolea ya dukani ya naitrojeni. Hiyo lazima irudishwe kwa njia fulani. Potasiamu, kinyume chake, nyingi hubaki kwenye mabua na majani, si kwenye punje. Anayevuna punje na kuacha mabua shambani hajapoteza sana; anayeng'oa kila kitu na kukipeleka kwingine anachota pande zote mbili.

Hapa niseme jambo ambalo halipendwi sana na wafugaji: ng'ombe hatengenezi rutuba. Anachotoa nyuma ni kile alichokula, kimepunguzwa kidogo na maziwa na nyama. Akila mabua ya shamba lako na samadi ikarudi shambani mwako, umerudisha tu, hujaongeza. Akilishwa nyasi zilizokatwa bondeni, umehamisha rutuba ya bonde. Kwa mwenye shamba ni faida, lakini bonde nalo lina mwisho wake, na likikatwa kila msimu bila kurudishiwa chochote nyasi zake zitadhoofika.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kutopoteza njiani, na mahali panapopoteza zaidi ni zizini. Nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe, wakati mwingine zaidi, imo kwenye mkojo, na potasiamu nyingi imo humo humo. Anayezoa kinyesi peke yake na kuuacha mkojo unywee ardhini amechukua nusu ya mali. Ile harufu kali inayochoma macho asubuhi ni amonia, yaani naitrojeni inapaa. Tandika zizi kwa mabua yaliyokatwakatwa, nyasi kavu au maranda ili yaunyonye mkojo. Yakilowa, yatoe na kuweka makavu. Sakafu iwe ya udongo ulioshindiliwa au zege, yenye mteremko mdogo unaoelekea kwenye shimo la kukusanyia. Rundo likae chini ya paa, hata la nyasi, au lifunikwe kwa turubai, na lizungushiwe mfereji wa kuzuia maji ya juu yasipite ndani yake. Siku ya kuisambaza samadi shambani, ifukie siku hiyo hiyo. Ikilala juu ya udongo kwenye jua, naitrojeni inaendelea kupaa. Yurea nayo ina tabia hiyo hiyo, basi ifukie au iweke mvua ikikaribia.

Moto sina mengi ya kuuzungumzia. Mabua yakichomwa, naitrojeni karibu yote na sehemu kubwa ya salfa huondoka na moshi. Majivu hubaki na fosforasi na potasiamu, lakini upepo na mvua ya kwanza huyagawana.

Hata hivyo kufukia mabua nako kuna mtego. Viumbe wadogo wanaoyaozesha hula kaboni ili wapate nishati, lakini miili yao inahitaji naitrojeni pia. Mabua ya mahindi yana takribani sehemu 60 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Wao wangeridhika na kama 24 kwa 1. Upungufu huo huujaza kwa kuchota naitrojeni ya udongoni, na mahindi yaliyoota juu yao hugeuka manjano kwa wiki kadhaa. Mkulima hudhani mabua yameharibu shamba, msimu ujao anarudia kiberiti. Mabua hayajaharibu kitu. Naitrojeni imekopwa, nayo hurudi viumbe hao wanapokufa, ila huenda mazao yakawa yameshachelewa. Fukia mapema, mara baada ya kuvuna, au changanya na samadi na majani mabichi ya mimea jamii ya kunde. Au usifukie kabisa: yaache juu kama matandazo, yaoze taratibu huku yakizuia mmomonyoko. Hilo la mmomonyoko ni muhimu kwa fosforasi hasa, kwa sababu haipai hewani. Hung'ang'ania chembe za udongo na kuondoka pamoja nazo.

Kuhusu naitrojeni mpya, hewa tunayovuta ni asilimia 78 naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuigusa. Mimea jamii ya kunde huipata kwa msaada wa bakteria wa raizobiamu wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Bakteria hupewa sukari, yaani nishati, nao hulipa kwa naitrojeni. Biashara hiyo si ya bure kwa mmea, na ukiumwagia yurea nyingi huacha kuifanya. Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huishia kwenye mbegu. Ukiing'oa mimea na mizizi yake na kwenda kuipuria nyumbani, shamba halijapata kitu. Kata shina, acha mizizi ardhini, rudisha maganda na majani.

Mimea hiyo ya kunde ikianza kutoa maua, chimbua michache kwa jembe bila kuikata mizizi, kisha pasua vinundu kwa ukucha. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe, vya kijivu au vya kijani, au visipokuwepo, pima uchachu wa udongo kwanza, kisha fosforasi. Na kama zao hilo halijawahi kupandwa hapo, tafuta chanjo ya bakteria inayolifaa zao hilo na uipake kwenye mbegu kivulini, siku ile ile ya kupanda.