Kuhama Kampuni ya Faiba Malindi: Ada Zinazomngoja Mteja na Namna ya Kuziepuka

Ukihamisha laini ya simu kutoka kampuni moja hadi nyingine, nambari yako unabaki nayo. Kenya imeruhusu hilo tangu 2011. Faiba ya nyumbani, yaani intaneti inayoletwa kwa mwanga ndani ya waya wa kioo, haina utaratibu wa namna hiyo. Hakuna fomu moja inayokutoa huku na kukuingiza kule. Unafunga akaunti moja mwenyewe, unafungua nyingine mwenyewe, na kampuni hizo mbili haziambiani kitu. Ada zinazoumiza watu huzaliwa katika pengo hilo: mtu amefungiwa (yaani amewekewa) huduma mpya, ameona intaneti inakwenda, akadhani keshahama. Kumbe akaunti ya zamani ingali hai, na rauta yake imewekwa juu ya kabati inakusanya vumbi.

Kwa hiyo, kabla ya kumpigia fundi yeyote, tafuta mkataba wako. Wengi wa Shela, Barani na Muyeye waliandikishwa mlangoni na wakala, wakatia sahihi kwenye kioo cha simu, na nakala ikatumwa kwa baruapepe wasiyoifungua. Itafute kwa jina la kampuni au kwa nambari ya akaunti unayoandika ukilipa kwa Paybill. Ikikosekana, iombe kwa maandishi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma anayolipia. Ukiipata, soma mambo manne: kipindi ulichojifunga nacho, siku za notisi, rauta ni ya nani, na ada ya kuvunja mkataba inahesabiwa vipi.

Hilo la nne ndilo la kusomwa mara mbili. Tuseme unalipa shilingi 3,000 kwa mwezi, mkataba ni wa miezi 12, na unataka kutoka baada ya miezi 8. Mkataba mmoja utasema ulipe miezi yote iliyobaki: 3,000 mara 4, yaani 12,000. Mwingine utasema urudishe sehemu ya gharama ya kufungiwa ambayo kampuni ilikulipia. Kama gharama hiyo ilikuwa 6,000, theluthi iliyobaki ni 2,000. Mteja ni yule yule, mwezi ni ule ule, na tofauti ni shilingi 10,000. Ukikuta ni ule wa kwanza, mara nyingi ni nafuu kusubiri muda uishe kuliko kukimbilia ofa. Ukikuta kipindi kimeshapita, angalia kama mkataba hujirudia wenyewe kwa mwaka mwingine usipotoa taarifa.

Angalia pia jina lililo kwenye akaunti. Katika nyumba za kupanga, na hasa zile za ufukweni ambazo mwenyewe yuko Italia, akaunti huwa kwa jina la mwenye nyumba au la msimamizi aliyeondoka zamani. Wewe unayelipa kila mwezi huna uwezo wa kuifunga. Pata barua fupi ya idhini yenye sahihi ya mwenye akaunti pamoja na nakala ya kitambulisho au pasipoti yake. Ipate mapema, maana barua hii pekee inaweza kula wiki mbili.

Sasa kampuni mpya. Usiridhike na ramani inayoonyesha kwamba mtaa wako umefikiwa. Kisanduku kilicho kwenye nguzo kina matundu machache, mara nyingi 8 au 16, na yakijaa hufungiwi hata kama nguzo inatazamana na mlango wako. Mwambie fundi aje akifungue na kuhesabu kabla hujalipa chochote. Kisha omba bei kwa maandishi, kila kitu kwa mstari wake: kufungiwa, mita za waya zilizomo kwenye bei na bei ya kila mita inayozidi, amana ya rauta kama ipo na inarudishwa lini, mwezi wa kwanza, na kama bei hizo zimeshajumlisha VAT ya asilimia 16. Mita za waya ndizo huleta ugomvi. Waya haupiti angani moja kwa moja. Unafuata nguzo, unazunguka ukuta, unapanda darini. Nyumba iliyo mita 60 kutoka kwenye nguzo inaweza kula mita 90. Na pale penye tangazo la kufungiwa bure, uliza unafungwa kwa miezi mingapi. Gharama ya ufundi haijafutwa, imetandazwa ndani ya mkataba.

Siku ya kufungiwa, mambo matatu yasimamiwe. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupasuka ukitobolewa kwa pupa, kwa hiyo fundi atumie tundu la zamani ikiwa linatosha waya mbili. Kama ni lazima atoboe jipya, liinamie nje, na waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia, ili maji ya masika yadondoke chini badala ya kufuata waya hadi sebuleni. La pili, asikate wala kuchomoa waya wa kampuni ya zamani. Mara nyingi ni mali yao, bado unauhitaji, na ukikatwa kabla ya akaunti kufungwa unaweza kudaiwa uharibifu. La tatu, mwombe akuonyeshe kipimo cha mwanga kwenye mashine yake. Kinaandikwa kwa dBm na alama ya kutoa. Kati ya −15 na −25 ni pazuri. Kikikaribia −27 huduma itakatika mara kwa mara, na sababu kwa kawaida ni kiungo kichafu au waya uliokunjwa mno kwenye kona. Piga picha ya kipimo hicho kabla hajaondoka. Wiki ya pili ukiambiwa tatizo ni simu yako, utakuwa na cha kuonyesha.

Endesha huduma zote mbili pamoja kwa wiki moja hivi. Kwa bei ya 3,000, siku saba za kulipia mara mbili ni kama shilingi 700, na pesa hizo zina kazi. Jaribu kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Jaribu kwa waya uliochomekwa kwenye rauta, si kwa waifai, kwani kuta nene za nyumba zetu hupunguza waifai kiasi cha kukudanganya kuhusu faiba yenyewe.

Ukiridhika, andika notisi. Simu kwa huduma kwa wateja si notisi, hata kama aliyepokea amekuhakikishia kwa upole kwamba ameshaandika. Tuma kwa baruapepe iliyotajwa kwenye mkataba, na kama kuna ofisi mjini peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wenye tarehe. Maneno machache yatosha:

«Mimi, mwenye akaunti nambari ______, natoa notisi ya kufunga huduma ya intaneti katika nyumba iliyoko ______. Siku ya mwisho ya huduma ni tarehe ______. Naomba mnijulishe kwa maandishi salio langu la mwisho, mahali pa kurudisha vifaa, na tarehe ya kurudishiwa amana yangu.»

Siku za notisi hesabu kuanzia walipopokea. Kama ni 30 na ankara yako hutoka tarehe 5, notisi ya tarehe 7 itakuingiza kwenye ankara mbili zaidi, ya mwezi ujao na ya siku chache za unaofuata. Ilete siku kadhaa kabla ya ankara. Wala usifikiri kuacha kulipa ni kuhama. Kampuni nyingine husimamisha huduma tu na kuacha akaunti wazi, na ada ya rauta isiyorudishwa huja baadaye.

Rauta ndipo pesa nyingi hupotelea, na ni kwa sababu ya kitu kidogo mno: herufi zilizo kwenye kibandiko cha chini. Igeuze uitazame. Pameandikwa SN au GPON SN, kisha herufi nne za mtengenezaji, HWTC kwa Huawei au ZTEG kwa ZTE, halafu tarakimu na herufi nane. Nane hizo hutumia 0 hadi 9 na A hadi F peke yake. Kwa hiyo humo hamna O, ni sifuri. Hamna I, ni moja. Lakini B na 8 zote zimo, na D na 0 zote zimo, na hapo ndipo karani anayenakili kwa haraka hukosea. Akiandika 8 badala ya B, kwenye mfumo rauta yako haijarudi, ila imerudi nyingine isiyojulikana. Mwezi wa pili unadaiwa bei ya kifaa kizima. Wakati mwingine barua ya deni huja na nambari ndefu ya herufi 16 inayoanza na 48575443. Usibabaike: hiyo ni HWTC ile ile iliyoandikwa kwa tarakimu. Linganisha nane za mwisho.

Basi kabla ya kwenda ofisini, piga picha ya kibandiko kwa karibu, kisha picha ya vyote pamoja: rauta, adapta yake mwenyewe na ule waya mwembamba wenye vichwa vya kijani au buluu. Adapta za rauta hufanana kwa umbo na hutofautiana kwa nguvu. Ukirudisha ya redio, unaweza kutozwa. Karani akimaliza kuandika risiti, isome papo hapo, herufi kwa herufi, ukiwa umeshika rauta mkononi. Foleni nyuma yako itavumilia dakika mbili. Risiti iwe na nambari hiyo, orodha ya vifaa, tarehe, jina la aliyepokea na muhuri. Fundi akija kuchukua nyumbani, naye aandike vivyo hivyo kabla hajapanda pikipiki. Walio Lamu wanaotuma kwa boti hadi Mokowe kisha kwa basi waandike nambari ya kifaa kwenye hati ya kifurushi, na wasiitupe mpaka ofisi ijibu kwamba imepokea.

Baada ya hapo omba barua ya kufungwa kwa akaunti inayosema salio ni sifuri. Ukidaiwa kitu usichokielewa, toa taarifa ya malipo ya M-Pesa kupitia *334#, linganisha kila malipo na kila ankara, na peleka malalamiko kwa kampuni kwanza, ukidai nambari ya malalamiko. Wasipokujibu au jibu lisiporidhisha, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na notisi, risiti na picha. Na kama ni amana wanayokataa kurudisha, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na huhitaji wakili.

Risiti ya rauta itoe nakala siku hiyo hiyo. Zile za mashine ndogo hufifia kwa joto, na kwa joto la Malindi karatasi huweza kuwa nyeupe kabla ya mwaka. Sheria ya Kenya inaruhusu deni la mkataba kudaiwa mahakamani hadi miaka 6, kwa hiyo nakala hiyo iwekwe kwa muda huo wote, pamoja na barua ya sifuri.