Somo: Treni ya modeli inaruka reli kwenye pointi? Usiing'oe kwanza

Wakuu, salaam. Swali hili haliishi: "treni yangu ikifika kwenye pointi tu, inaacha reli." Pointi ni pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili. Jibu la haraka ambalo mtu hupewa ni kubadilisha pointi. Mimi nililifuata. Niling'oa pointi iliyokuwa imeshaganda kwa gundi na kokoto, nikapoteza jioni mbili, nikaweka mpya. Behewa lilelile likaanguka palepale. Kumbe gurudumu moja lilikuwa limesogea kwenye ekseli yake, kiasi cha unene wa karatasi chache tu. Siku hizi sigusi pointi kabla sijajua ni gurudumu gani limepanda, na limepandia wapi.

Vipimo nitakavyotaja ni vya modeli za saizi ya HO, yaani 1:87 ya treni halisi, njia ya mm 16.5 kati ya reli na reli. Wenye saizi ndogo ya N, njia ya mm 9, kanuni ni hizihizi ila nafasi ya kukosea ni finyu zaidi.

Tuelewane majina. Ndimi ni zile reli mbili zilizochongwa ncha ambazo husogea. Reli mama ni ile ambayo ulimi huiegemea. Moyo ni pale reli mbili zinapokatana na kufanya umbo la V. Reli za ulinzi ni vile vipande vifupi vilivyo mkabala na moyo; kazi yake ni kulishika gurudumu la upande wa pili ili mwenzake asiugonge moyo.

Hatua ya 1: Kamata kosa likitendeka

Weka injini kando. Chukua behewa moja, lisukume kwa kidole polepole sana, jicho lako likiwa usawa wa reli na taa ya simu ikimulika kutoka ng'ambo. Pitisha kwa njia zote nne: kuingia kwa ndimi ukienda moja kwa moja, kuingia ukichepuka, kisha kurudi kutokea upande wa moyo kwa kila njia. Gurudumu likipanda, simama hapohapo. Usilirudishe! Hapo ndipo ushahidi ulipo.

Behewa moja likianguka kwenye kila pointi, mgonjwa ni behewa. Mabehewa yote yakianguka kwenye pointi moja, mgonjwa ni pointi. Watu wengi hurukia tupa kabla ya kufanya hili.

Hatua ya 2: Magurudumu

Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa HO iwe kama mm 14.4 hadi 14.5. Ile geji ya bati ya NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za modeli kilichoanzishwa 1935, hupima magurudumu na njia kwa pamoja, na kwangu hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua. Magurudumu yakikaribiana mno, migongo yake hubanwa na reli za ulinzi na ekseli hupanda juu. Yakiachana mno, ukingo wa gurudumu, yaani ule mdomo unaoshuka upande wa ndani wa reli, hugonga ncha ya moyo. Kurekebisha, shika yote mawili, zungusha huku ukivuta au kusukuma kidogo kidogo, kisha pima tena.

Hatua ya 3: Ndimi

Pitisha kucha kutoka reli mama kuelekea kwenye ulimi, kama gurudumu linavyopita. Kucha ikikwama, ukingo wa gurudumu nao utakwama siku moja. Chonga ncha kwa tupa laini, upande gurudumu linakopita, mpaka iwe nyembamba na ikae chini kidogo ya kichwa cha reli mama. Mara tatu nne za tupa, jaribu, kisha endelea. Ukipitiliza hakuna kurudi.

Halafu bana kipande cha karatasi nyembamba kati ya ulimi na reli mama. Kikichomoka kirahisi, ulimi haujakaa. Tafuta punje ya kokoto au tone la gundi, la sivyo springi au mota haisukumi hadi mwisho.

Hatua ya 4: Moyo na reli za ulinzi

Nafasi ya kupita ukingo wa gurudumu, kati ya reli ya ulinzi na reli kuu iliyo pembeni yake, iwe karibu mm 1.2. Pointi nyingi za bei nafuu huwa na nafasi pana kuliko hiyo, kwa hiyo gurudumu huyumba na kuigonga V. Dawa yake ni rahisi hata inachekesha: bandika ukanda wa plastiki wa mm 0.25 kwenye uso wa reli ya ulinzi unaotazama reli kuu, kisha jaribu behewa tena.

Hatua ya 5: Kitanda

Laza rula ya chuma juu ya reli. Ikicheza, pointi imepinda; weka karatasi chini ya mataruma (vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli) pale palipozama. Msumari uliopigwa kwa nguvu katikati ya taruma hulipinda na kuifinya njia.

Hatua ya 6: Uzito na bogi

Pendekezo la NMRA kwa HO ni gramu 28, kisha gramu 14 kwa kila sm 2.5 za urefu. Behewa la sm 15 liwe na kama gramu 112. Bogi ni kile kigari kidogo cha magurudumu chini ya kila mwisho wa behewa. Skrubu ya bogi moja iache bogi iyumbe kidogo pande zote. Ya pili ikazwe mpaka bogi izunguke tu bila kuyumba.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mabehewa yangu yakivutwa yanapita vizuri, yakisukumwa nyuma yanaruka. Nina pointi mbili zinazofuatana.*

Hilo ni pinda-pinduka, ndugu. Njia inakata kushoto kisha papo hapo kulia, viungio vya kuunganisha mabehewa vinavutana pembeni. Weka kipande kilichonyooka katikati, kirefu kuliko behewa lako refu kuliko yote. Kama nafasi ipo, tumia pointi namba 6 badala ya 4. Namba 6 huachana kipimo kimoja kwa kila sita za mwendo, kwa hiyo kona ni pole. Angalia pia kipini cha chini ya kiungio kisije kikawa kinakwaruza moyo.

*Kwangu ni injini ya mvuke, magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayopanda.*

Mara nyingi ni mepesi mno. Ongeza kipande kidogo cha risasi juu ya bogi ile au springi laini ya kuikandamiza, na hakikisha inazunguka bila kugusa silinda. Ila kwanza pima hatua ya 2.

*Naweza kupaka mafuta ndimi ziteleze?*

Hapana mkuu. Mafuta hukusanya vumbi, na mengine hula plastiki. Unga wa grafiti kidogo sana chini ya ndimi unatosha, lakini grafiti hupitisha umeme, hivyo usiupeleke karibu na moyo wala kwenye mianya ya kutenganisha umeme. Mimi huuchota kwa ncha ya kijiti cha meno, na hata hapo huwa napuliza kilichozidi.