Namna ya Kuichunguza Rejeta Kongwe ya Nyumbani Kabla ya Kuifunga

Rejeta za chuma cha kusubu, yaani vyombo vya kupasha joto vyumba, ambazo Nelson Bundy alizipatia umaarufu Marekani kwa muundo wake wa mwaka 1872, zilitengenezwa kwa ajili ya mvuke au maji ya moto, na kuchanganya aina hizo mbili ni kosa kubwa. Tazama kwanza maungio: vipande vilivyoungwa chini tu ni vya mvuke, na maji hayatazunguka humo vizuri, vilivyoungwa juu na chini vinafaa kwa maji. Rejeta ya mvuke yenye bomba moja iwekee pima maji, kisha uiinamishe kidogo kuelekea kwenye vali, ili mvuke uliopoa na kuwa maji urudi kwenye boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Maji yakituama, mabomba yatagongagonga usiku kucha. Huko Marekani, rangi ya kabla ya 1978 huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo usiikwangue ikiwa kavu.