Kabla ya Kwenda Pangpema

Pangpema, kambi wanakoanzia wapandaji wa mlima Kanchenjunga kwa upande wa kaskazini, iko mita 5,143 juu ya usawa wa bahari, mashariki kabisa mwa Nepal. Aliyewahi kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, anaweza kuidharau. Asithubutu. Kilimanjaro unafika juu asubuhi na jioni umeshateremka. Huku unalala Lhonak, kituo cha mwisho kabla ya Pangpema, karibu mita 4,800, na barabara ya jipu iko mbali, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.

Hewa nyembamba ya juu huleta ugonjwa wa mwinuko, na ndiyo maana ratiba inatangulia viatu. Ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne upumzike. Tatizo ni kwamba Khambachen iko mita 4,050, na kituo kinachofuata ni hiyo hiyo Lhonak: zaidi ya mita 700 kwa mkupuo. Basi lala Khambachen usiku mbili, na kijiji cha Ghunsa kabla yake vivyo hivyo. Wakala wa safari akikufutia siku hizo ili bei ipungue, tafuta mwingine. Wakala huwezi kumkwepa, maana eneo hili lina kibali maalumu kisichotolewa kwa mtu anayejiendea mwenyewe bila mwongozaji.

Kubalianeni mapema nani ana kauli ya mwisho ya kumteremsha mgonjwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe atasema yuko salama. Mwambieni atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akiyumba, au akihema akiwa ameketi tu, anateremshwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dawa ya Diamox husaidia mwili kuzoea mwinuko, ila muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Bima isomwe yote: inalipia helikopta juu ya mita 5,000? Na helikopta yenyewe haiji usiku wala kwenye ukungu.

Beba rupia taslimu, noti ndogo ndogo. Betri na simu zilale nawe ndani ya begi la kulalia, la sivyo baridi itazimaliza chaji. Nenda Oktoba au Novemba. Tiketi ya kurudi nyumbani iache siku mbili tatu za akiba, kwani ndege za Bhadrapur kwenda Kathmandu huahirishwa hali ya hewa ikichafuka.