Kusafisha na Kutunza Chumba cha Bustani: Yafuate Maji Kutoka Paani

Chumba cha bustani, yaani chumba cha mbao na vioo kilichojengwa peke yake bustanini, huchakazwa na maji kuliko kinavyochakazwa na watu wanaokaa ndani yake. Kila ubao uliooza nilioung'oa katika kazi hii, nilipotafuta chanzo nilikuta maji yalikaa mahali ambapo yangepaswa kupita tu. Kwa hiyo utaratibu wangu ni mmoja: naanzia paani, nateremka na njia ya maji hadi ardhini, kisha ndipo naingia ndani. Ukianza na vioo halafu ukapanda paani, taka zote za juu zitamwagikia vioo ulivyokwisha kung'arisha.

Fanya usafi kamili mara mbili kwa mwaka, kabla ya majira ya mvua na baada yake. Chumba kikiwa chini ya miti, mfereji wa paa uukague mara nyingi zaidi. Chagua siku ya mawingu, kwa sababu jua kali hukausha sabuni kabla hujaisuuza na kuacha michirizi.

Andaa ndoo mbili (moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia brashi), brashi laini yenye mpini mrefu, sponji, sabuni ya maji isiyo kali, vitambaa visivyotoa nyuzi, glavu, bisibisi, vijiti vya meno na ngazi imara.

Hatua ya 1: Paa na mfereji

Weka ngazi kwenye ardhi ngumu. Kwa kila mita 4 za kimo, miguu ya ngazi iwe mita 1 kutoka ukutani. Usiiegemeze kwenye mfereji, utaupinda.

Vyumba vingi vya aina hii vina paa lililo karibu bapa, lenye mteremko kidogo, na mengi yamefunikwa kwa shuka la mpira. Fagia majani kwa ufagio laini ukiwa kwenye ngazi, bila kulikanyaga paa. Maji na sabuni vinatosha. Usitumie petroli wala dawa yoyote yenye asili ya mafuta ya petroli, kwa maana mpira huo huvimba na kulegea. Kagua kingo na pembe: gundi ikiachia, huanzia hapo.

Kwenye mfereji, toa majani na tope kwa mkono uliovaa glavu. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: mwaga ndoo ya maji kwenye ncha iliyo mbali na bomba la kushushia, usimame uyatazame. Yakifurika karibu na bomba, bomba limeziba. Yakituama katikati, mfereji umelegea na kupoteza mteremko, basi kaza vishikizo vyake. Yakishuka vizuri, angalia yanaishia wapi. Bomba linalomwaga maji kwenye msingi wa chumba linafanya uharibifu ule ule uliotaka kuuepuka.

Hatua ya 2: Kuta za mbao

Ondoa kwanza utando wa buibui na vumbi kwa brashi kavu. Halafu paka maji ya sabuni kuanzia chini kwenda juu, na suuza kuanzia juu kwenda chini. Ukipaka kuanzia juu, sabuni chafu itateremka juu ya mbao kavu na kuacha mistari ambayo ni vigumu kuitoa. Sugua kwa kufuata nyuzi za mbao. Upande usiopigwa na jua ndio unaoota ukijani, kwa hiyo upe muda zaidi.

Mashine ya kuosha kwa presha naikataa kabisa kwenye mbao. Husafisha haraka, ni kweli, lakini huchana nyuzi za juu na kusukuma maji nyuma ya ubao, mahali ambapo upepo haufiki kuyakausha.

Watu wengi huniita wakiwa na hofu kwa sababu mbao zao zimekuwa za kijivu. Rangi hiyo si kuoza. Mwanga wa jua huvunja lignini, kile kinachoshikamanisha nyuzi za mbao, mvua ikaiosha, na kinachobaki juu ni nyuzi za kijivu. Ubao wa kijivu unaweza kuwa mzima kabisa. Kuoza ni kazi ya kuvu, na kuvu huhitaji ubao uliolowa kwa muda mrefu. Unyevu wa ubao ukibaki chini ya asilimia 20, kuvu haiwezi kuanza. Ili kutofautisha, bonyeza kwa ncha ya bisibisi: ubao mzima hukataa, uliooza huzama.

Ili kujua kama mbao zinahitaji mafuta mapya, nyunyiza matone ya maji ukutani. Yakisimama kama shanga, bado kuna kinga. Yakinywewa na ubao kuwa mweusi, wakati umefika. Subiri siku kadhaa kavu baada ya kuosha, kisha paka mafuta ya mbao tabaka jembamba na ufute yanayobaki juu. Zingatia zaidi ncha za mbao, pale zilipokatwa na msumeno. Hapo nyuzi ziko wazi na hunywa maji kwa kasi kuliko upande wa ubao, lakini mara nyingi ndipo panaporukwa.

Tahadhari kubwa: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuvirundika. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka moto lenyewe bila kuguswa na kiberiti. Vitandaze nje, kimoja kimoja, hadi vikauke na kukakamaa.

Hatua ya 3: Mguu wa ukuta

Hapa ndipo vyumba hufia. Niliwahi kuitwa kukagua chumba ambacho sakafu yake ilibonyea kwenye pembe moja. Paa lilikuwa zima na kuta zilipendeza. Nje ya pembe hiyo palikuwa na tuta la maua, na udongo ulikuwa umepandishwa kidogo kidogo, msimu hadi msimu, mpaka ukafunika ubao wa chini. Ubao ule niliuvunja kwa vidole. Mwenye chumba alikuwa anakipenda na kukisafisha kila wiki, lakini kwa ndani tu.

Acha nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya udongo na ubao wa chini. Kata mimea inayogusa ukuta. Hakikisha matundu ya hewa chini ya sakafu hayajazibwa na majani. Ukiona vinjia vyembamba vya udongo vikipanda kwenye msingi, hao ni mchwa; usiishie kuvifuta, ita mtaalamu.

Hatua ya 4: Vioo na milango

Osha vioo kwa maji yenye matone machache ya sabuni, kausha kwa mpira wa kukaushia ukivuta kutoka juu. Ukungu ulio katikati ya vioo viwili vilivyounganishwa hauwezi kufutwa. Mpira wa pembezoni umeshindwa, na kioo hicho ni cha kubadilishwa.

Tafuta matundu madogo chini ya fremu. Yamewekwa ili maji yatoke, kwa hiyo yazibue kwa kijiti cha meno na usiyajaze silikoni kamwe. Fyonza mchanga kwenye reli za milango ya kuteleza, ndio unaokula magurudumu. Mipira ya milango ifute, kisha uipake kilainishi cha silikoni.

Hatua ya 5: Ndani

Sogeza samani sentimita chache kutoka ukutani ili hewa ipite, fyonza vumbi, futa sakafu kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Kipima unyevu kidogo kitakusaidia sana: kati ya asilimia 40 na 60 chumba kina afya. Unyevu ukipanda na kubaki juu, fungua madirisha mawili yanayotazamana kila siku.

Koga kwenye kuta za rangi futa kwa siki nyeupe, madirisha yakiwa wazi. Usichanganye siki na dawa ya klorini hata kidogo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Koga ikirudi palepale, acha kufuta, utafute maji yanapoingilia.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza kufuata usafi huu, ingia na tochi. Pitisha kiganja kwenye pembe za dari, chini ya madirisha, na pale sakafu inapokutana na ukuta. Mahali panapokuwa pa baridi na unyevunyevu, weka alama kwa penseli, kisha toka nje ukakague upande wa pili wa alama hiyo siku hiyohiyo.