Kufunga kamera ndani ya gari la mbio: hatua ninazofuata mimi

Kamera yangu ya kwanza niliibandika kwenye kioo cha mbele kwa shikio la mpira la kunyonya. Ilikuwa autokrosi (mbio fupi za magari) ya murramu, saa saba mchana, jua kali. Raundi ya pili shikio liliachia kioo, kamera ikaanguka sakafuni. Nilipokanyaga breki kuingia kona, pedali ilikwamia nusu: kamera ilikuwa imejikita nyuma yake. Nilipita juu ya koni zote nikaja kusimama kwenye nyasi, mzima. Tangu hapo nimefunga kamera kwenye gari langu na magari ya wenzangu, na kanuni sijaibadilisha: kamera ishikwe na vitu viwili visivyotegemeana, na kila kimoja kiweze kuibeba peke yake.

Hatua ya 1: Pima uzito wa vyote, si kamera tu

Kamera ndogo kama GoPro ina takriban gramu 150. Ukiongeza fremu ya alumini, mkono wa kuishikilia na klempu (kibano cha kuibana kwenye paipu), unafika gramu 400 hivi. Weka vyote kwenye mizani ya jikoni ujue nambari yako.

Sasa izidishe mara 25. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinataka vishikio vya mitungi ya kuzimia moto kwenye gari la mashindano vihimili 25 g, yaani uzito wa mtungi mara 25. Mimi natumia kipimo hichohicho kwa kamera. Gramu 400 zinakuwa kilo 10, sawa na ndoo ya maji ya lita 10 inayoning'inia kwenye kifaa chako. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kitu kisichofungwa huendelea mbele kwa karibu mita 28 kila sekunde, na mbele yake kuna kisogo chako. Pawabenki nayo ihesabu hapa. Wengi hufunga kamera vizuri kisha wanaitupia pawabenki kwenye mfuko wa mlango.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mahali pabaya hapaokolewi na klempu nzuri.

Kama gari lina keji (fremu ya paipu za chuma inayowakinga waliomo gari likipinduka), tafuta paipu inayopita nyuma ya viti, ile ya kufungia mikanda au ile ya mshazari. Kwa usukani wa kulia, weka kamera katikati ya viti viwili, nyuma ya mstari wa migongo ya viti, lenzi ikiwa kimo cha bega. Hapo utaona mikono yako, usukani, gia na njia iliyo mbele.

Usikubali mahali popote kabla ya kufanya jaribio hili. Vaa helmeti, kaa, funga mikanda, kisha uilegeze kidogo kwa sababu ajalini mikanda hunyumbuka. Inamisha kichwa mbele, nyuma na pande zote kadiri unavyoweza. Msaidizi asimame nje na aangalie helmeti inafika wapi. Ongeza shibiri moja kutoka hapo; ndani ya eneo hilo pasiwe na kamera wala mkono wake. Kama unabeba navigeta, yule anayekusomea njia, naye afanye vivyo hivyo upande wake. Na kama paipu imevikwa sponji ya kukinga kichwa, usiikate upate nafasi ya klempu. Sponji ile iliwekwa pale kwa ajili ya fuvu lako.

Gari la kawaida lisilo na keji lina mitego zaidi, hasa eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka ajalini). Dashibodi upande wa abiria ina eabegi. Magari mengi yana eabegi za pazia zinazoshuka kutoka ukingo wa paa, na nyingine zimo ubavuni mwa viti. Kamera ikiwa juu ya njia ya eabegi itarushwa kama jiwe. Kwa gari kama hilo natumia vyuma viwili vya kichwa cha kiti cha abiria: kiti kiwe kitupu, na nyuma yake asikae mtu.

Kwenye helmeti usifunge kamera kabisa. Helmeti imeundwa iteleze na kusambaza pigo, na kitu kigumu kilichobandikwa juu yake kinaharibu kazi hiyo.

Hatua ya 3: Funga klempu

Nunua klempu ya chuma au alumini, ya bolti mbili, inayolingana na paipu yako. Paipu za keji nyingi huwa na kipenyo kati ya milimita 38 na 50, kwa hiyo pima kabla ya kwenda dukani. Usitoboe keji kwa sababu yoyote. Tundu moja ladhoofisha paipu mahali ambapo huenda ndipo itakapopinda.

Kata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, kizungushe kwenye paipu, kisha funga klempu juu yake. Mpira huzuia kuteleza na hupunguza mtetemo. Tumia nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea. Kaza bolti zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Mwishowe chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye klempu. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika na utauona bila spana.

Mkono uwe mfupi iwezekanavyo. Mkono mrefu wenye viungo vitatu hutetema, na picha hutikisika kama jeli.

Hatua ya 4: Waya wa usalama

Waya huu ndio ungeniokoa siku ile. Nenda kwa fundi wa baiskeli ununue waya wa breki na vibano vidogo viwili vya waya. Upitishe kwenye fremu ya chuma ya kamera, si kwenye sikio la plastiki la kasha. Ncha ya pili izunguke paipu yenyewe, usiifunge kwenye klempu. Klempu ikikatika na waya umefungwa kwenye klempu hiyohiyo, vyote vitaruka pamoja.

Acha ulegevu wa vidole viwili tu. Waya mrefu hugeuza kamera kuwa rungu la kamba. Viringisha ncha zake kwa tepu ya umeme ili zisikuchome mkono.

Hatua ya 5: Vuta

Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, na uitundike kwenye kamera. Vuta mbele, kando na juu mpaka ifike ile nambari ya hatua ya 1 iliyozidishwa mara 25. Kamera isisogee. Kisha legeza klempu, uache waya peke yake, uvute tena. Ikiwa kimojawapo kimeshindwa, rudi nyuma. Rudia jaribio gari likiwa limeshinda juani, maana plastiki na mpira hulegea kwa joto.

Shikio la kunyonya kioo mimi silitumii tena kama kishikio kikuu. Vumbi laini la Naivasha, lile kama unga linalojaa njia za Kedong wakati wa Safari Rally, hupenya kila mahali, na mpira wenye vumbi haushiki kioo.

Hatua ya 6: Kamera yenyewe

Zima kipengele cha kutuliza picha. Kamera huhisi gari likitikisika, ikasogeza picha kufidia, na dashibodi yako itaonekana ikiogelea. Tumia fremu 60 kwa sekunde. Kipimo cha mwanga cha kamera kifungie kwenye barabara, la sivyo nje kutakuwa kweupe pepepe. Futa memori kadi ndani ya kamera yenyewe usiku wa kuamkia mbio.

Hatua ya 7: Asubuhi ya mbio

Kamera iwe imefungwa kabla gari halijaenda kwa wakaguzi, na uwaonyeshe waya wako. Wakisema itoke, itoe. Mwambie msaidizi awashe kamera kabla hujafunga mikanda; ukishaondoka, usiinyooshee mkono hata ikizima.

Kila ukirudi, kabla ya kunywa maji, angalia mstari wa rangi ya kucha kwenye nati zote mbili. Ukiwa umekatika, gari halirudi njiani mpaka ukaze na kuvuta upya.